Istilahi za Kiharusi Kidogo na Tiba Sambamba

Istilahi huundwa ili wataalamu waelewane. Istilahi za tiba, hata hivyo, zina wajibu wa pili, kwa kuwa hatimaye humfikia mgonjwa. Neno likikosewa katika hati ya forodha, hasara huwa ya fedha. Likikosewa katika karatasi ya maelezo ya dawa, hasara yaweza kuwa ya uhai. Katika makala haya twakusudia kuyapima maneno machache yahusuyo kiharusi kidogo na majaribio ya tiba yake, ili wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wajue yapi yafaa na yapi yapotosha.

Jambo lenyewe halipo mbali nasi. Uchunguzi uliofanywa kati ya Juni 2003 na Juni 2006 katika Wilaya ya Hai na katika Jiji la Dar es Salaam uliandikisha viharusi 636. Baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, wapatao kiharusi kwa mwaka katika kila watu 100,000 walikuwa 108.6 Hai na 315.9 Dar es Salaam. Maneno tuyajadiliyo hapa, basi, yamhusu mkazi wa Mbagala na Tandale kama yamhusuvyo daktari bingwa.

Tuanze na jina la ugonjwa. Watu wengi hutumia kiharusi na kupooza kana kwamba ni neno moja. Kiharusi ni tukio la ubongoni: mshipa wa damu huziba au hupasuka, na sehemu ya ubongo hukosa damu. Kupooza ni tokeo mojawapo la tukio hilo. Mwenye kiharusi kidogo huenda asipooze kabisa. Ataona ganzi ya mkono, mdomo kwenda upande, au ulimi kuwa mzito. Akiwa amefundishwa kwamba huo ni "ugonjwa wa kupooza", atajitazama, ataona viungo vyake vyafanya kazi, naye atakwenda kulala. Twapendekeza, kwa hiyo, kwamba kupooza litumike kwa dalili tu.

Sifa ya kidogo nayo yahitaji uangalifu. Neno hilo hupima ukali wa dalili za siku ile. Halipimi hatari ijayo. Siku za kwanza baada ya kiharusi kidogo ndizo zenye hatari kubwa ya kupata kingine, na hicho cha pili chaweza kulemaza au kuua. Istilahi yenyewe inafaa kubaki, ila katika maandishi ya umma iambatane na maelezo kwamba mgonjwa awahishwe hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa kiharusi cha mpito, yaani dalili zitokeazo kisha zikaondoka zenyewe.

Sasa tutazame dawa. Mitaani husemwa "dawa za kuyeyusha damu", na jina hilo hubebeshwa aina tatu zilizo mbalimbali. Ya kwanza huzuia chembe sahani, yaani zile chembe ndogo za damu zizibazo jeraha, zisishikamane; aspirini na klopidogreli ni za aina hii. Ya pili huzuia damu kuganda kwa kuathiri protini za mgando. Mfano wake ni wafarini. Ya tatu huyeyusha bonge la damu lililokwisha kufanyika, na ndiyo pekee istahiliyo kitenzi hicho. Mfasiri akizichanganya, mwuguzi atashindwa kujua mgonjwa anameza nini. Twapendekeza dawa za kuzuia chembe sahani, dawa za kuzuia mgando na dawa za kuyeyusha bonge. Ni ndefu, lakini kila moja yajieleza.

Matumizi ya dawa mbili za aina ya kwanza kwa pamoja yamepimwa katika majaribio makubwa. La Uchina, lililochapishwa mwaka 2013, lilikuwa na wagonjwa 5,170 walioanza tiba ndani ya saa 24. Kundi moja lilipewa klopidogreli na aspirini kwa siku 21, kisha klopidogreli peke yake hadi siku ya 90. Kundi la pili lilipewa aspirini tu. Waliopata kiharusi kingine katika siku hizo 90 walikuwa 8.2 katika kila mia kwenye kundi la kwanza, na 11.7 kwenye la pili. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2018, lilikuwa na wagonjwa 4,881, wengi wao wa Marekani. Dawa hizo mbili zilipotumiwa siku zote 90, kinga ilionekana tena, lakini kutokwa damu kwingi kulipanda kutoka 0.4 hadi 0.9 katika kila mia. Ndiyo sababu muda hutajwa pamoja na dawa, na ndiyo sababu picha ya ubongo hutangulia: mshipa ukiwa umepasuka, dawa hizi huweza kudhuru.

Je, tiba hiyo tuiite "dawa mseto"? Nchini mwetu neno hilo limekwisha kuzoeleka kwa dawa ya malaria, ambayo ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Hapa vidonge ni viwili, na kimojawapo huachwa kabla ya kingine. Tiba sambamba lafaa zaidi.

Yabaki maneno ya jaribio lenyewe. "Dawa bandia" lisitumike kwa kidonge kisicho na dawa, kwani kwa Mtanzania ni dawa ya kughushi iuzwayo kwa hila. Afadhali kidonge kitupu. Ielezwe pia kwamba katika majaribio tuliyoyataja hata waliopewa kidonge kitupu walipata aspirini. "Bahati nasibu" nalo ni la michezo ya kubahatisha. Tuseme kugawa kwa nasibu, na kumweleza mgonjwa kwamba si yeye wala daktari achaguaye kundi.

Haya si mambo ya ufasaha mtupu. Mgonjwa hutia saini ya ridhaa kwa kuyategemea maneno aliyosomewa. Yakiwa na maana mbili, ridhaa yake ina kasoro. Kabla ya kuipitisha tafsiri, mfasiri na amsomee mtu wa Temeke au Kinondoni asiye mtaalamu, kisha amwombe aeleze kwa maneno yake atakunywa nini, kwa siku ngapi, na afanye nini akitokwa damu. Akishindwa kueleza, kinachopasa kurekebishwa ni maandishi.