Buti Linalofunguka kwa Mguu: Limtambue Mwenye Gari, Lisimtii Mpita Njia



Mfanyabiashara atokaye sokoni Busia, Malaba au Mutukula mara nyingi hulifikia gari lake mikono yote miwili ikiwa imeshika mizigo. Kuiweka matopeni ili atafute ufunguo ni adha. Ndiyo maana baadhi ya wenye magari huwaomba mafundi wawatengenezee buti linalofunguka lenyewe pindi mguu unapopitishwa chini ya bampa ya nyuma. Hatuandiki makala haya ili kukikataza kifaa hicho, kwa maana ni msaada wa kweli. Twaandika ili kueleza namna kinavyofanya kazi, na jinsi ya kukitengeneza kisije kikawa mlango wa wahalifu.

Kwa nini jambo hili latuhusu

Buti ni sehemu ya gari ambayo dereva aliyeketi usukanini haioni vyema. Katika foleni ya mpakani, buti linalomtii kila mwenye mguu laweza kumpotezea mtu mzigo wake. Lililo baya zaidi ni kwamba laweza kumwongezea mzigo asioujua. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifishwa kwa chombo kilichotumika kubebea magendo. Dereva atakayekutwa na furushi la mtu mwingine atalazimika kujieleza mbele ya maafisa, na maelezo ya namna hiyo si mepesi.

Magari ya kiwandani hufanyaje

Ford iliuza gari la Escape la mwaka 2013 likiwa na buti la aina hii. Chini ya bampa huwekwa vihisi viwili: kimoja hutambua muundi unaposogea karibu, na kingine hutambua wayo unapoingia chini na kutoka. Lakini mguu peke yake haufungui kitu. Kabla ya kutii, gari hutafuta mawimbi ya redio ya ufunguo, nalo hutaka ufunguo huo uwe nje, karibu na buti. Mguu huomba, ufunguo huidhinisha. Mafundi wengi wanaoiga kifaa hiki huiga mguu na kuusahau ufunguo.

Namna ya kukitengeneza

Kwanza, kitasa. Ikiwa gari lako lina kitufe cha kufungulia buti kwa umeme, kazi kubwa imekwisha kufanywa. Fundi haundi kitasa kipya. Hufunga rilei sambamba na kitufe hicho, ili rilei ibonyeze kwa niaba ya kidole. Apime kwanza kwa mita kama kitufe hupeleka chanya au hasi. Rilei iwake kwa nusu sekunde hadi sekunde moja tu, kwa kuwa mota ya kitasa haikuundwa kupokea umeme mfululizo na yaweza kuungua. Gari linalofungua buti kwa kebo huhitaji mota ndogo ya kuivuta kebo hiyo.

Pili, kihisi. Kilicho rahisi kupatikana ni kihisi cha mwangwi, kama vile vinavyomwonya dereva anaporudi nyuma. Hutoa sauti ya mitetemo takriban 40,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu halisikii, kisha hungoja mwangwi urudi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde; hivyo kitu kilicho umbali wa sentimita 30 hurudisha mwangwi baada ya sehemu mbili hivi za elfu za sekunde. Bodi ndogo ya elektroniki, mathalani Arduino, huupima muda huo. Ipangwe itambue kitu kinachoingia na kutoka ndani ya sekunde moja. Isitosheke na kuona kwamba pana kitu, maana majani, tope au mbuzi aliyejikinga jua chini ya gari hukaa palepale. Chagua kihisi kisichopenya maji, na ukifunge mbali na bomba la moshi.

Tatu, idhini ya mwenye gari. Njia nyepesi ni hii: umeme wa kihisi upitie rilei ya muda inayoamshwa na ishara ya rimoti ya kufungua milango, nayo ikate umeme baada ya sekunde 60. Mwenye gari hubonyeza rimoti mara moja kabla ya kubeba mzigo, kisha mguu humaliza kazi. Wako wanaopenda kutumia simu yenye Bluetooth badala ya rimoti. Tunawatahadharisha kwamba mawimbi hayo hufika mita kadhaa. Ukiwa umeketi mbele na simu mfukoni, gari laweza kudhani kuwa umesimama nyuma yake, na mguu wa mtu mwingine ukatiiwa. Kulala kwa kihisi nako kunalinda betri. Mfumo unaotumia miliampea 50 usiku na mchana humeza takriban ampea-saa 17 kwa wiki mbili, zaidi ya theluthi ya betri ya ampea-saa 45.

Nne, gari likiwa katika mwendo, buti lisifunguke kabisa. Fundi atumie rilei ya miguu mitano na kuupitisha umeme wa kihisi kwenye mguu wenye namba 87a. Swichi ya injini ikiwashwa, rilei huvutwa na njia hiyo hukatika. Buti linalofunguka barabarani humwaga mizigo mbele ya magari yanayofuata, na moshi wa injini wenye sumu huingia walimoketi abiria. Ongeza pia swichi kuu karibu na dereva, ili mfumo wote uzimwe kwa kidole kimoja.

Tano, ulinzi wa nyaya. Fyuzi iwekwe karibu na mahali umeme unapochukuliwa, wala si mwisho wa waya. Waya unaopita kwenye tundu la bati uvishwe mpira. Nyaya zilizofunikwa kwa manjano zisiguswe. Kwa desturi ni za mifuko ya hewa inayookoa maisha wakati wa ajali.

Sita, nafasi ya kutoka. Nchini Marekani, tangu Septemba 2001, magari mapya madogo yenye buti lililofungika peke yake hutakiwa kuwa na mpini wa ndani unaong'aa gizani, ili aliyefungiwa ajifungulie. Ikiwa gari lako linao, fundi asiukate. Ikiwa halina, mwombe aweke kamba inayovuta kitasa kwa ndani. Mguu unaofungua mlango kama mchezo huwavutia watoto, nao wasifundishwe mchezo huo.

Majaribio matatu kabla ya kumlipa fundi

Pitisha mguu bila kubonyeza rimoti: buti likae kimya. Washa swichi ya injini, kisha mwenzako apitishe mguu: likae kimya tena. Zima gari, bonyeza rimoti, ngoja dakika mbili, jaribu: bado likae kimya. Buti lililofunguka katika jaribio lolote kati ya hayo halijakamilika, hata kama linafunguka kwa madaha mbele ya marafiki.

Mkifika mpakani

Zimeni swichi kuu kabla ya kuingia foleni. Afisa akiomba kukagua, mwambieni mapema kwamba buti lina kifaa cha kuongezwa, kisha mlifungue kwa ufunguo. Kisanduku kilichofungwa kwa utepe mweusi chini ya bampa, huku nyaya zikining'inia, humtia shaka mkaguzi yeyote, naye hana kosa. Bodi iwekwe mahali panapoonekana ndani ya buti. Tunzeni mchoro wa nyaya pamoja na risiti ya fundi, na mwijulishe kampuni ya bima.

Tazameni ndani ya buti kila mliachapo gari na kulirudia, na mara ya mwisho kabla ya kuingia eneo la ukaguzi. Mkikuta furushi msilolijua, msiliguse, msilitupe wala msivuke nalo. Ondokeni karibu na gari, mwarifu afisa aliye jirani au mpige simu polisi. Anayeripoti mapema huonyesha nia njema kabla hajaulizwa.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Rilei moja na swichi moja ni gharama ndogo kuliko gari, na ni ndogo zaidi kuliko jina jema la mtu mbele ya jirani zake wa pande zote mbili za mpaka.