Kemshafti Moja au Mbili? Shauri kwa Watakao Kuiongezea Injini Nguvu

Wasikilizaji wetu, wazee walisema ya kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hili ni la kweli kwa mtu mvivu atafutaye sababu ya kukaa kivulini. Lakini mkulima wa Bariadi ajua pia ya kuwa jembe lifaalo katika mchanga halifai katika udongo mweusi wa mbuga uliolowa mvua. Basi kuna kuchagua kwa uvivu, na kuna kuchagua kwa akili. Leo twataka kunena juu ya kuchagua kwa akili katika jambo la injini za motokaa.

Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao yake makuu Bariadi, fedha nyingi huingia mikononi mwa watu pamba inapouzwa. Miongoni mwa vijana wako wapendao motokaa ziendazo mbio, nao huenda kwa mafundi wakitaka injini zao ziongezwe nguvu. Hapo huzuka swali: je, yafaa injini yenye kemshafti moja juu ya silinda, au yenye kemshafti mbili? Mara nyingi mtu hujibu upesi, ‘Mbili, kwa maana ng'ombe wawili hushinda mmoja katika kuvuta plau.’ Jibu hilo laweza kumpotezea mtu fedha za msimu mzima, nalo lina kosa ndani yake. Na tulitazame kosa hilo.

Kemshafti haivuti kitu. Kazi yake ni kazi ya bawabu, yaani kufungua na kufunga milango. Kila silinda ina mlango wa kuingizia hewa na petroli, na mlango wa kutolea moshi. Milango hiyo ndiyo valvu. Kemshafti ni chuma kirefu chenye nundu. Kikizunguka, nundu huisukuma valvu ikafunguka, na springi huirudisha ikafunga. Huzungushwa kwa cheni au kwa mkanda kutoka krenki, nayo huzunguka mara moja kila krenki izungukapo mara mbili.

Nguvu ya injini hutoka katika hewa iwezayo kuvuta na kuichoma pamoja na petroli. Tuseme krenki inazunguka mara 6,000 kwa dakika. Kila silinda yapasa kuvuta hewa mara 3,000 katika dakika hiyo, yaani mara 50 katika kila sekunde, na mwendo mmoja wa pistoni wa kuvuta hewa hudumu sehemu moja tu katika 200 ya sekunde. Mlango ukiwa mwembamba, au bawabu akichelewa, silinda hubaki nusu tupu. Basi swali letu la kweli si idadi ya kemshafti, bali ni hili: ni namna gani ya bawabu itakayoijaza silinda kwa mwendo tuutakao?

Injini za zamani zilikuwa na kemshafti chini, ubavuni mwa silinda, nayo ilisukuma vijiti virefu vilivyopanda juu hadi kwenye valvu. Vijiti hivyo vina uzito, na kitu kizito hakigeuki upesi. Injini ikizungushwa mno, springi hushindwa kukirudisha kwa wakati, na valvu huelea wazi pasipo kufunga. Kwa sababu hiyo wajenzi waliipandisha kemshafti juu, wakaiweka karibu na valvu.

Kemshafti ikiwa moja huko juu, aghalabu husukuma roka, yaani vipande vidogo vya chuma mfano wa mizani, navyo hufungua valvu za kuingizia na za kutolea. Ujenzi huu ni mwepesi, vyuma vyake ni vichache, na cheni yake ni fupi. Katika injini nyingi za namna hii fundi aweza kurekebisha nafasi ya valvu kwa spana, bisibisi na kipimo cha bamba jembamba, chini ya mwembe, pasipo kuitoa kemshafti mahali pake. Injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, ambayo imefanya kazi katika Land Cruiser nyingi za nchi zetu tangu miaka ya 1990, ina kemshafti moja na valvu 12. Haikuumbwa kwa mbio, bali iliumbwa ivute mzigo kwa mwendo mdogo na idumu.

Kemshafti zikiwa mbili, moja hutumikia valvu za kuingizia na nyingine hutumikia valvu za kutolea. Hapo ni rahisi kuweka valvu 4 katika kila silinda na kuitia plagi katikati, mahali ambapo moto huenea sawasawa pande zote. Nundu yaweza kuikalia valvu karibu kabisa, pasipo roka, na vitu vyenye kwenda juu na chini vikawa vyepesi. Jambo hili si geni. Kampuni ya Peugeot iliunda injini ya namna hii, na mwaka 1912 Georges Boillot alishinda nayo mashindano makuu ya Ufaransa huko Dieppe.

Kwa mtu atakaye kuongeza nguvu, liko jambo moja kubwa zaidi. Katika kemshafti moja, nundu za kuingizia na za kutolea zimechongwa katika chuma kimoja. Umbali kati yake haubadiliki ila kwa kuchonga kemshafti nyingine. Katika kemshafti mbili, fundi mwenye magurudumu ya meno yawezayo kurekebishwa aweza kuisogeza moja mbele au nyuma, na nyingine akaiacha. Hivyo aweza kuchagua kama nguvu ije mapema au ije mwisho. Lakini gharama yake ni kununua kemshafti mbili badala ya moja, na kuwa na fundi ajuaye kupima.

Tena, kemshafti mbili zote si sawa. Toyota iliunda injini mbili za ujazo mmoja wa sentimita 1,587: 4A-GE, iliyotoka mwaka 1983, na 4A-FE iliyofuata. Zote zina kemshafti mbili na valvu 16. Katika ya kwanza, valvu zimetengana kwa pembe ya digrii 50, na njia za hewa zimefanywa kwa ajili ya mbio. Katika ya pili pembe ni digrii 22 hivi, nayo ilikusudiwa kubana matumizi ya petroli. Mtu akihesabu kemshafti tu atadhani amenunua kitu kimoja.

Ushahidi mkubwa twaupata katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, mkaazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, walishinda kwa Peugeot 404, ambayo kemshafti yake ilikuwa chini, ya vijiti virefu. Mwaka 1971 na 1973 ilishinda Datsun 240Z yenye silinda 6 na kemshafti moja juu. Mwaka 1974 na 1976 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Mitsubishi Lancer ndogo ya sentimita 1,597, nayo pia ina kemshafti moja. Kisha mwaka 1984 Björn Waldegård akashinda kwa Toyota Celica Twincam Turbo, yenye kemshafti mbili na mashine ya kusukuma hewa, na Celica zikashinda tena mwaka 1985 na 1986.

Twajifunza nini? Twajifunza mambo mawili. La kwanza, mbio zilipozidi, kemshafti mbili zilishinda, na hatuwezi kukana. La pili, kwa miaka mingi mshindi alikuwa yule aliyefika, si yule aliyekuwa na injini ya ajabu. Vumbi, matope na mashimo yalihesabu magari yaliyobaki kabla ya saa kuyahesabu. Nazo Celica zilikuwa na mafundi na vyuma vya akiba vikizifuata njiani. Kijana wa Bariadi hafuatwi na mtu.

Na tuitazame nchi yenyewe. Bariadi iko juu kuliko Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko kama mita 1,134 juu ya bahari. Katika kimo hicho uzito wa hewa umepungua kama sehemu moja katika nane. Basi injini isiyosukumiwa hewa, iliyotoa nguvu za farasi 100 pwani, hapa hutoa kama 87 tu, iwe na kemshafti moja au mbili. Wakati wa kiangazi vumbi ni jingi, na vumbi liingialo katika injini husaga kuta za silinda. Wakati wa masika udongo wa mbuga hushika magurudumu, na hapo lihitajiwalo ni nguvu ya kuvuta polepole, si mizunguko 7,000.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mtu mwenye motokaa ya kuchukulia watu na mizigo kutoka vijiji vya Itilima au Meatu, akitaka nguvu zaidi, na abaki na kemshafti moja ikiwa ndiyo aliyo nayo. Na asage valvu zikae vizuri, arudishe mgandamizo wa silinda, asafishe njia za hewa, atie chujio jema na kupozea kuzuri. Mara nyingi ataona ya kuwa nguvu aliyoitafuta dukani ilikuwa imelala ndani ya injini yake mwenyewe.

Lakini mtu aandaaye gari la mashindano yaliyoruhusiwa, katika njia iliyofungwa, na achukue injini iliyoundwa tangu mwanzo kwa kemshafti mbili na njia pana za hewa. Asijaribu kuigeuza ya kemshafti moja kwa kutumia fedha mara mbili. Na kabla ya kulipa aulize maswali matatu: nani atanipimia nafasi za valvu, kwa maana katika injini nyingi za namna hii sharti kemshafti zitolewe ili kubadili visahani vidogo vya chini yake? Mkanda wake wapatikana wapi? Na mkanda ukikatika, je, pistoni zitagonga valvu? Katika injini nyingi za mbio zitagonga, na yote yaliyojengwa yatakwisha kwa sekunde moja.

Na wote wawili waanze na breki na matairi. Barabara ya lami kutoka Bariadi kwenda Lamadi imenyoka na yavuta mguu, lakini ni njia ya watoto waendao shule, ya ng'ombe waendao kunywa maji, na ya pikipiki zenye abiria. Gari liendapo mbio zaidi, huhitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Na mtoto avukaye hajui kama ndani ya gari mna kemshafti moja au mbili.

Basi, Wasikilizaji, mchagua jembe aweza kuwa mkulima hodari, ikiwa kwanza ameutazama udongo. Kwaherini.