Uma wa Mbele wa Baiskeli

Leo twataka kusema habari za uma wa baiskeli, yaani ile miguu miwili ya chuma ishikayo gurudumu la mbele. Zamani uma kwa kawaida ulikuwa mgumu. Siku hizi baiskeli nyingi zina springi ndani ya miguu hiyo, na wanunuzi huzipenda kwa kuwa zapendeza macho.

Lakini sisi wa Ufipa tu watu wa miteremko. Sumbawanga ipo kama mita 1,800 juu ya bahari, na Ziwa Rukwa kama mita 800 tu. Ashukaye bondeni hushuka mita elfu moja. Hapo springi hafifu huonyesha ubaya wake. Ushikapo breki, uma hubonyea na mwili wote huinamia mbele. Maji na vumbi vikiingia, miguu hulegea, na gurudumu huyumba. Nayo springi iliyokwisha kuharibika haina faida hata ya kupunguza mtikisiko. Ni uzito mtupu.

Basi twaona uma mgumu wafaa zaidi, ila usinunue kwa kubahatisha. Mwenzako na aikalie baiskeli, kisha upime toka katikati ya ekseli mpaka pakaapo gololi za chini. Urefu huo, springi ikiwa imebonyea, ndio uutafute. Uma ukiwa mfupi mno, mbele huinama na usukani huwa mwepesi kupita kiasi: jambo la hatari mlimani. Tena bomba lipitalo ndani ya fremu lilingane na la kwanza, maana mengine ni inchi 1, mengine inchi 1 na 1/8.

Tazama na mahali pa kufungia breki. Fundi akisema, “Nitachomelea,” mkatalie; moto hudhoofisha chuma, na uma ukivunjika katika mteremko, mtu huanguka kwa uso.

Gololi zioshwe kwa mafuta ya taa, zipakwe grisi. Kaza nati hata usukani ugeuke bila kukwama. Kisha shika breki ya mbele, uisukume baiskeli mbele na nyuma: pakigonga kichwani, bado pamelegea. Mikono itaumia kidogo siku za kwanza. Tairi nene lisilojazwa upepo mno husaidia. Jaribu kwanza penye tambarare bila mzigo, halafu na mzigo, ndipo ushuke mlima.