Roquefort-sur-Soulzon: Mwamba, Jibini na Sheria (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza hali ya uwanda wa juu wa Larzac, kusini mwa Ufaransa, ambako maji ya mvua hupenya upesi ndani ya mawe ya chokaa na kuuacha udongo mwembamba na mkavu, kiasi kwamba kilimo cha nafaka hakikuwahi kuwatosha wenyeji na ufugaji wa kondoo ukawa tegemeo lao kuu. Ukingoni mwa uwanda huo, mkoani Aveyron, kati ya miji ya Millau na Saint-Affrique, kipo kijiji cha Roquefort-sur-Soulzon, ambacho wakazi wake hawafiki elfu moja, lakini jina lake hutajwa mezani na mahakamani, na hata katika mabishano ya biashara baina ya mataifa. Umaarufu huo kwa kawaida huelezwa kuwa ni zawadi ya maumbile. Maelezo hayo ni ya kweli kwa nusu tu, kwa kuwa nusu ya pili ni kazi ya wanasheria.

Kijiji kimeegemea ubavu wa mlima uitwao Combalou, ambao juu ni mwamba wa chokaa na chini yake kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi. Zamani sana, kabla ya historia kuandikwa, maji yaliulainisha udongo huo, sehemu ya mwamba ikateleza, ikavunjika na kurundikana mtelemkoni. Katikati ya mawe hayo zilibaki nyufa ndefu ambazo wenyeji huziita fleurines, nazo hufanya kazi ya mabomba ya hewa: hewa inayopita ndani yake hupozwa na kuloweshwa na mwamba, kisha hutokea katika mapango yaliyo chini ya kijiji. Hivyo, kiangazi kiwe kikali au baridi iwe ya kugandisha, joto la mapango hubaki karibu na nyuzi 10 za Selsiasi, na unyevu wa hewa hukaribia asilimia 95. Eneo lenye sifa hiyo ni dogo mno, kwani halizidi sana urefu wa kilomita 2 na upana wa mita 300, na udogo huo ndio ufunguo wa mambo mengi yatakayofuata.

Jibini ya Roquefort hutengenezwa kwa maziwa mabichi ya kondoo wa aina ya Lacaune, yaani maziwa yasiyochemshwa wala kupunguzwa mafuta. Maziwa hugandishwa katika viwanda vya eneo pana linalokizunguka kijiji, na humo hutiwa kuvu iitwayo Penicillium roqueforti, ambayo zamani ilioteshwa juu ya mikate ya rai, nafaka inayofanana na ngano, iliyoachwa mapangoni mpaka ikajaa ukungu. Donge la jibini, lenye uzito unaokaribia kilo 3, hutobolewa kwa sindano nyingi ili hewa iingie ndani, kwa sababu kuvu hiyo haistawi pasipo hewa, na kutokana na matundu hayo huchipuka mishipa ya rangi ya buluu na kijani inayoitambulisha. Baada ya hapo donge hulazwa mapangoni kwa muda usiopungua siku 14, kisha hufungwa na kuachwa likomae polepole mahali penye baridi zaidi, mpaka zitimie angalau siku 90 tangu litengenezwe.

Wenyeji hupenda kusimulia habari za mchungaji aliyesahau mkate na jibini pangoni kwa sababu ya mapenzi, na wengine hudai kwamba Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliisifu jibini yao, ingawa Plinio hakukitaja kijiji hicho kwa jina. Hati za kifalme zina uzito zaidi. Mwaka 1411 Mfalme Charles VI aliwapa watu wa Roquefort haki ya peke yao ya kukomaza jibini hiyo katika mapango yao, na mwaka 1666 bunge la Toulouse, ambalo enzi hizo lilikuwa mahakama kuu ya eneo hilo, liliamuru waadhibiwe wafanyabiashara waliouza jibini za kwingineko kwa jina la Roquefort. Sheria ya tarehe 26 Julai 1925 iliifanya kuwa jibini ya kwanza nchini Ufaransa kupewa jina la asili linalolindwa, yaani haki ya kutumia jina la mahali kwa bidhaa iliyotengenezwa kwa namna iliyowekwa na sheria. Tangu hapo maziwa yasiyo ya kondoo hayakuwa na nafasi tena. Mwaka 1961 mahakama ya Millau iliongeza kwamba ukomazaji lazima ufanyike katika mapango ya asili ya Combalou. Kwa hukumu hiyo mporomoko wa mawe ukawa mpaka wa kisheria, na aliyemiliki pango akawa ameshika mlango ambao maziwa ya wilaya nzima hayana budi kuupitia.

Matokeo ya kiuchumi yalikuwa makubwa, lakini hayakugawanyika sawasawa. Tangu karne ya 19 wenye mapango waliungana katika kampuni, na kubwa kuliko zote, iitwayo Société, iliyoanza mwaka 1842, leo imo mikononi mwa Lactalis, kampuni kubwa ya maziwa ya Ufaransa. Kazi ya mapangoni, ya kutia chumvi, kukwangua na kugeuza madonge, kwa muda mrefu ilifanywa na wanawake walioitwa cabanières, waliokaa baridini na unyevuni kutwa nzima, nao hawatajwi vya kutosha katika simulizi za fahari ya kijiji. Mahitaji yalipozidi maziwa ya Aveyron, kampuni zilianza kugandisha maziwa ya kondoo hata katika kisiwa cha Corsica na milima ya Pyrenees, na kuyaleta madonge mabichi Roquefort yapate kukomaa. Desturi hiyo ilikoma katika karne ya 20, na sasa maziwa hutoka katika eneo lililowekewa mipaka. Ili kusuluhisha bei kati ya wafugaji na wenye viwanda, pande hizo mbili ziliunda shirikisho lao mwaka 1930. Haikuwa busara ndogo, kwa kuwa mfugaji asiyeweza kupeleka maziwa yake penye mapango mengine hana nguvu ya kupatana akiwa peke yake.

Nguvu ya umoja wa wafugaji ilidhihirika nje ya biashara pia. Mwaka 1971 serikali ilitangaza kuipanua kambi ya jeshi ya Larzac kutoka hekta 3,000 hivi hadi 17,000. Wakulima 103 waliapa kutouza ardhi yao, wakapeleka kondoo mpaka chini ya Mnara wa Eiffel mjini Paris, na mwaka 1981 Rais François Mitterrand akaufuta mpango huo. Mwaka 1999 Marekani, ikilipiza katazo la Ulaya dhidi ya nyama ya ng'ombe waliopewa homoni, iliitoza Roquefort ushuru wa forodha wa asilimia 100. Mwezi wa Agosti wafugaji, akiwamo José Bové, walibomoa mkahawa wa McDonald's uliokuwa ukijengwa Millau, na Bové akafungwa jela. Mwanzoni mwa 2009 Washington ilitangaza kuupandisha ushuru huo hadi asilimia 300, lakini ongezeko hilo lilisitishwa kwa mapatano kabla halijaanza kutumika.

Pamoja na utajiri huo wote, kijiji chenyewe hakikukua. Upande mmoja kimezuiwa na jabali na upande wa pili na bonde, nafasi iliyopo imemezwa na maghala na mapango, na idadi ya wakazi imepungua sana tangu katikati ya karne ya 20, huku wafanyakazi wengi wakija asubuhi kutoka miji ya jirani. Watalii huteremka mapangoni, huonja, hununua na kuondoka. Fedha inayobaki katika wilaya huonekana zaidi mashambani, katika mazizi ya wafugaji zaidi ya elfu moja ambao wengi wao hawaishi Roquefort, na ambao mwaka wao wa kazi, kuanzia kuzaa kwa kondoo mpaka mwisho wa ukamuaji, ndio utakaoelezwa katika sehemu ya tatu.