Nani Akikalie Kiti cha Wasanifu Majengo?

Yako mambo ambayo mfanya kazi akiyasikia hudhani hayamhusu hata kidogo. Mojawapo ni uchaguzi wa viongozi katika vyama vya watu wa taaluma, kama vile madaktari, mawakili, wahandisi na wasanifu majengo. Mtu wa kiwandani au wa bandarini husema, "Hao ni mabwana wanaochaguana wenyewe kwa wenyewe, mimi yananihusu nini?" Leo tunataka kulieleza jambo hilo kwa kirefu, kwa sababu tunaamini kwamba ndani yake limo funzo kwa kila alipwaye mshahara, na kwa kila mwanachama wa chama chochote chenye kamati na sanduku la kura.

Kwanza, msanifu majengo ni nani? Ni yule anayelifikiri jengo na kulichora kabla mwashi hajaweka tofali la kwanza. Yeyote aliyepata kununua vitu katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, ameiona kazi ya msanifu: miamvuli ile mikubwa ya zege ilibuniwa na Mtanzania Beda Amuli, na soko likafunguliwa mwaka 1975. Watu hulikumbuka jina moja, na ni haki likumbukwe. Lakini katika ofisi kubwa za siku hizi, jina lililoandikwa mlangoni lina mikono mingi nyuma yake. Yuko anayechora ngazi, yuko anayepima milango, yuko anayekesha akipanga njia za maji machafu. Hao si wenye ofisi. Ni waajiriwa, na mwisho wa mwezi husubiri mshahara kama mwingine yeyote.

Tofauti hiyo ya mwenye ofisi na mwajiriwa wake imeonekana wazi kabisa katika nchi ya Uingereza, na ndiyo habari tunayotaka kuieleza. Huko kipo chama kikongwe cha wasanifu majengo, Royal Institute of British Architects, ambacho hujulikana kwa herufi zake RIBA. Msomaji asidhani kwamba twazungumzia faida ya mkopo. Herufi zimekutana na neno letu kwa bahati tu. Chama hicho kilianzishwa London mwaka 1834, kikapewa hati ya mfalme mwaka 1837, na jumba lake la mtaa wa Portland Place likafunguliwa mwaka 1934. Kina wanachama zaidi ya 40,000. Wanachama huchagua wajumbe wa Baraza, na huchagua Rais, ambaye hushika kiti kwa miaka miwili.

Katika uchaguzi huo kura ya tajiri mwenye ofisi ya watumishi mia tano haizidi kura ya msanifu aliyeajiriwa juzi. Kwa hesabu ya vichwa, waajiriwa ndio wengi. Mtu angetazamia basi kwamba waajiriwa ndio wangekuwa wengi vitini. Haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi kiti cha Rais kilikaliwa zaidi na wakuu wa ofisi na watu wenye majina makubwa.

Kwa nini? Hatusemi kwamba palikuwa na hila, wala hatusemi kwamba wenye ofisi ni watu wabaya. Sababu ni nyepesi kuliko hiyo. Kamati hukutana, na kukutana kwataka wakati. Mwenye ofisi akitaka kwenda mkutanoni huvaa koti lake akaondoka; mwajiriwa hana budi kuomba ruhusa kwa mtu yule yule ambaye huenda wakapingana naye mezani. Tena mgombea hana budi ajulikane, na ajulikanaye ni yule ambaye jina lake limo katika magazeti ya taaluma, si yule aliyechora ngazi. Hivyo wengi wakawa na kura, na wachache wakawa na viti. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Na yapo mambo ya mwajiriwa ambayo hayana budi kuwapo mezani. Kwa muda mrefu safari ya kuwa msanifu katika nchi hiyo imechukua si chini ya miaka saba: miaka mitatu ya chuo, mwaka wa kazi ofisini, miaka miwili tena ya chuo, mwaka mwingine wa kazi, kisha mtihani wa mwisho. Kijana hutoka humo na deni, akaingia ofisini, na huko mara nyingi akatakiwa kufanya kazi hadi usiku wa manane bila malipo ya ziada, kwa maelezo kwamba hii si kazi tu bali ni wito. Mwaka 2011 RIBA iliweka kanuni kwamba ofisi zilizosajiliwa nayo zisimlipe mwanafunzi chini ya kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria. Kanuni hiyo ilikuwa njema. Lakini tuulize: kanuni ya kukataza jambo huandikwa lini? Huandikwa pale jambo lenyewe linapotendeka.

Waajiriwa hawakulala wakati wote huo. Mwaka 1919, mara baada ya Vita Kuu ya kwanza, wasaidizi katika ofisi za wasanifu na wapima walijifanyia chama chao cha kutetea mishahara. Mwaka 1975 likazaliwa kundi la New Architecture Movement, lililotaka taaluma iwatumikie watu wa kawaida na ofisi ziwasikilize watumishi wao. Kundi hilo halikukaa nje likilalamika. Liligundua kwamba katika Baraza la Usajili, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1931, vilikuwapo viti vya wasanifu wasio wanachama wa chama chochote. Likasimamisha wagombea wake kwa viti hivyo, nao wakaingia.

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Chama ni cha wanachama; huingia apendaye, na viongozi wake hutokana na kura. Bodi ya usajili ni chombo cha sheria. Ndiyo inayosema nani ana haki ya kujiita msanifu na nani hana. Mambo hayo mawili yako hata kwetu Afrika Mashariki, kwa kuwa mfumo wa usajili uliletwa na watawala wa Kiingereza: Kenya ilipata sheria yake mwaka 1934, miaka mitatu tu baada ya ile ya Uingereza. Nchini Tanzania kazi hiyo ni ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.

Sasa sikiliza yaliyotokea Uingereza. Bodi ya usajili iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997 ilikuwa na wajumbe 15, na 7 kati yao walichaguliwa kwa kura za wasanifu wenyewe. Mwaka 2019 utaratibu huo ukaondolewa, na tangu hapo wajumbe wote huteuliwa. Walioubadilisha walikuwa na hoja zao, na huenda baadhi yake zina maana. Sisi twataja jambo moja tu: haki ya kuchagua, ikiwa imetumiwa kwa uvivu, haina mtu wa kuililia siku inapoondolewa.

Mwaka huo huo wa 2019 waajiriwa wa ofisi za wasanifu walianzisha tawi lao ndani ya chama cha wafanya kazi cha United Voices of the World. Mwaka 2021 kundi la vijana liitwalo Future Architects Front likaandika waraka wa wazi kwa RIBA juu ya kunyonywa kwa wasaidizi. Na mwaka 2022, kiti cha Rais kilipokuwa karibu kugombewa, makundi haya yakajiuliza swali ambalo lingaliweza kuulizwa miaka mia iliyopita: kwa nini tuwaombe wakubwa watusemee, nasi tuna kura? Wakatangaza kwamba wanatafuta mwajiriwa wa kusimama. Waliotaka kuungwa mkono wakaitwa mbele ya watu, wakahojiwa hadharani, na akachaguliwa mmoja awe mgombea wao.

Huyo alikuwa Muyiwa Oki, mzaliwa wa Nigeria, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Sheffield, na wakati huo mwajiriwa wa kampuni kubwa ya ujenzi ya Mace. Walioshindana naye, Jo Bacon na Sumita Singha, walikuwa watu wenye sifa na kazi ya miaka mingi. Kura zilipohesabiwa, Oki alishinda. Tarehe 1 Septemba 2023 akaketi kitini, Rais wa kwanza mweusi wa chama hicho na kijana kuliko wote waliomtangulia.

Magazeti mengi yalisimulia habari ya rangi yake na umri wake. Nasi twafurahi, kwani Mwafrika kuongoza chama chenye hati ya mfalme wa Uingereza si jambo dogo. Hata hivyo twaona kwamba jambo kubwa zaidi lilikuwa njia aliyopitia. Hakuinuliwa na mkubwa yeyote aliyempenda. Alisimamishwa na wenzake waliokubaliana kwanza juu ya shida zao, kisha juu ya mtu, kisha wakaenda kupiga kura. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wapo wanaosema kwamba chama cha taaluma si mahali pa habari za mishahara na saa za kazi. Kazi yake ni ubora wa majengo. Hoja hii twaiheshimu, kwa maana ubora wa majengo ni uhai wa watu. Tarehe 14 Juni 2017 jumba la Grenfell Tower la London liliungua, watu 72 wakafa, na ripoti ya mwisho ya uchunguzi, iliyotolewa Septemba 2024, iliwataja wasanifu miongoni mwa waliolaumiwa. Hatusemi kwamba moto ule ulitokana na uchovu wa waajiriwa. Ripoti ilieleza sababu zake, nazo ni nyingi. Tunasema kwamba kazi inayoweza kuokoa au kupoteza roho za watu yapasa ifanywe na mtu aliyelala usingizi, aliyefunzwa vizuri, na asiyeogopa kumwambia mkubwa wake, "Bwana, hapa pana kosa." Mtu wa namna hiyo hapatikani katika ofisi ambamo mtumishi hana sauti. Kwa hiyo habari ya saa za kazi na habari ya ubora ni habari moja.

Lakini tusidanganyane. Rais wa chama cha taaluma si mwajiri, na hana kalamu ya kupandisha mshahara wa mtu. Liko Baraza, na iko Bodi ya Wadhamini inayoangalia fedha na mali ya chama. Tena wengi wa wenye haki ya kura hawakupiga kura hata mwaka ule wa 2022. Na uchaguzi uliofuata, wa mwaka 2024, ulishindwa na Chris Williamson, mmoja wa waanzilishi wa ofisi yenye jina, ambaye alichukua kiti Septemba 2025. Hatumlaumu, kwani alichaguliwa kwa haki. Twaonyesha tu kwamba kiti kilichopatikana kwa juhudi ya mwaka mmoja hakina mizizi. Kinachobaki baada ya Rais kuondoka ni tawi la wafanya kazi lililo hai, linalokutana kila mwezi na kuzungumza na waajiri ofisi kwa ofisi.

Basi, ndugu wafanya kazi, funzo ni lipi? Wengi wetu ni wanachama wa vyama vya namna nyingi: vya wafanya kazi, vya ushirika, vya kuweka na kukopa, vya walimu, vya wauguzi. Kila mwaka au kila miaka michache karatasi huletwa, na majina huwa yale yale. Tunatia alama kwa jina tunalolijua, au hatuji kabisa, kisha mwaka mzima twanung'unika. Yatupasa kubadili mwenendo huo. Kwanza, tukutane kabla ya uchaguzi, tukubaliane shida yetu ni ipi. Pili, tumtafute miongoni mwetu mtu anayeijua shida hiyo kwa kuwa anaishi nayo, na tumhoji mbele ya watu wote. Tatu, tumpe wakati na nauli ya kwenda mikutanoni, maana mgombea maskini asiyesaidiwa na wenzake hushindwa na siku za kazi kabla hajashindwa na kura. Nne, akishachaguliwa, tumwite kila baada ya miezi mitatu aeleze alisema nini na alipiga kura upande gani.

Na kwa vijana wetu wasanifu walio katika ofisi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, tunasema hivi: siku ya uchaguzi wa chama chenu, msiwaachie wakubwa zenu peke yao. Waheshimuni, jifunzeni kazi kwao, lakini pelekeni majina yenu. Kura mnazo, na viti vitakaliwa tu. Msipovikalia ninyi, watavikalia wengine.