Karela Haipambani na Sukari kwa Uchungu Wake

Nimeulizwa tena: “Daktari, ninywe glasi ngapi za karela kwa siku ili insulini ifanye kazi?” Hakuna idadi ya glasi. Swali lenyewe limekaa upogo.

Linatokana na imani kwamba kichungu huua kitamu, basi karela, mwarobaini na shubiri vitaimaliza sukari. Uchungu huishia ulimini. Sukari iliyo kwenye damu haijui kama umekunja uso. Tena mwenye kitambi na usugu wa insulini kwa kawaida hajapungukiwa insulini, anayo tele. Mafuta yamejaa kwenye ini na misuli, seli haziitikii, na kongosho huzidi kuitoa miaka na miaka hadi lichoke. Kwa hiyo sukari yaweza kusomeka vizuri huku tatizo likikomaa. Usiniletee kipimo kimoja cha asubuhi ukakiita ushahidi.

“Lakini imethibitishwa!” Kwa panya walionenepeshwa maabara, dondoo ya karela imesaidia kweli. Kwa watu je? Thailand, utafiti wa mwaka 2011 ulilinganisha miligramu 2,000 za karela kwa siku na miligramu 1,000 za metformini, dawa ya kisukari: karela ilishusha sukari kidogo, metformini ikaipita. Ufilipino, 2007, vidonge vya karela havikuleta tofauti ya maana kwenye HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu. Na hizo zilikuwa dozi zilizopimwa, si jagi la blenda.

Wala usiniambie metformini ni “kemikali”. Chimbuko lake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Ila kidonge unajua kina kiasi gani. Juisi yako hujui, na ukiichanganya na glibenklamidi, dawa nyingine ya kushusha sukari, sukari yaweza kuporomoka hadi uzimie. Mjamzito asiinywe kama dawa. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD aepuke mbegu zake.

Karela ya kukaanga na vitunguu, kula. Ni mboga.

Sasa yanayofanya kazi. Punguza asilimia 7 ya uzito: mwenye kilo 90, ni kilo 6 na ushee. Tembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha njia hiyo inapunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, metformini, 31. Ugali upungue, mboga na maharage viongezeke. Soda acha. Tunda litafune, usilikamue. Pima kiuno na HbA1c. Ukiandikiwa metformini, imeze pamoja na chakula. Tumbo likivuruga, rudi turekebishe dozi, usiiache kimyakimya.