Fulana ya Mbio Ndefu Ipimwe Ikiwa Imeloa

Anayekimbia alfajiri kati ya Walukuba na mwalo wa Masese, pembezoni mwa mji wa Jinja, hukimbia ndani ya hewa iliyobeba unyevu wa Ziwa Victoria. Hajafika mbali, fulana imeshagandamana na mgongo. Akiendelea kwa saa moja na nusu, maji yanadondoka kwenye pindo. Hiyo ndiyo nguo atakayomaliza nayo safari, wala si ile kavu aliyoipapasa sokoni. Hata hivyo karibu sote hununua nguo ya kukimbilia kwa kuipima ikiwa kavu: tunatazama ulaini wake, rangi yake na jina la kampuni lililoandikwa kifuani. Nashikilia kwamba fulana ya mbio ndefu ihukumiwe kwa tabia yake ikiwa imeloa, na kwamba mnunuzi anayeihukumu hivyo ataokoa ngozi yake na pesa zake pia.

Tuanze na kazi ya jasho lenyewe. Mtu wa kilo 60 hutumia takriban kilokalori 60 kwa kila kilomita anayokimbia, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo, robo tatu na zaidi, hugeuka kuwa joto. Joto hilo lisipotoka, mwili unachemka. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na takriban kilokalori 580, yaani joto la kilomita kumi na ushei. Lakini sharti jasho likauke. Likitiririka na kudondoka barabarani, limepotea bure, maana mwili umetoa maji na joto limebaki palepale. Hewa ikiwa tayari imeshiba unyevu, jasho hukauka kwa shida, na hapo hakuna kitambaa duniani kinachofanya muujiza. Marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ya mwaka 2019 kule Doha ilianza karibu na saa sita usiku ili kukwepa jua, lakini joto lilikuwa limepita nyuzi 30 na unyevu wa hewa umepita asilimia 70. Kati ya wanawake 68 walioanza, walimaliza 40 tu, na Ruth Chepngetich wa Kenya akashinda. Hao walikuwa wanariadha bora wa mataifa yao, wamevaa vesti nyepesi kuliko zote zinazoshonwa. Kwa hiyo nguo inayotangazwa kwamba inapoza mwili inaahidi isichokuwa nacho. Fulana nzuri haipozi. Inachoweza ni kuacha njia wazi, ngozi ifanye kazi yake.

Na njia huzibwa na nini? Kwanza na uzi unaokunywa maji. Pamba hupenda maji kiasi kwamba hata ikikaa kabatini hushika unyevu wa hewani wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta haifiki hata asilimia 1. Pamba inyeshewe jasho, uzi wenyewe unavimba, matundu ya kitambaa yanajifunga, na fulana inalala juu ya ngozi bila nafasi ya hewa katikati. Tuseme fulana ya pamba ina gramu 160 ikiwa kavu. Ikishika maji ya uzito wake tu, tayari unabeba gramu 320 mabegani, na kitambaa kilichovuta chini kwa uzito huo kinasugua kwapa na chuchu kila hatua. Chumvi ya jasho huongeza ukali. Anayekimbia kilomita 30 hupiga hatua makumi ya maelfu, na msuguano mdogo ukirudiwa mara zote hizo huchubua ngozi hadi damu. Poliesta haina ujanja wowote wa ajabu hapa. Uzi wake haunywi, basi maji hukaa katikati ya nyuzi, husambaa, na hupata upepo.

Msomaji makini atauliza: je, maabara zinakubali? Zinakubali nusu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2001 uliwavisha watu wanane pamba, kisha nguo za sintetiki, kisha wakabaki karibu uchi, wakakimbia nusu saa kwenye joto la nyuzi 30 na hewa isiyo na unyevu mwingi. Joto la mwili halikutofautiana. Sioni sababu ya kuuficha utafiti huo kwa kuwa unaniunga mkono pale nilipo: nguo haipozi mtu. Kwa mbio za nusu saa, fulana yoyote safi uliyo nayo inatosha, na anayekuambia ununue mpya ili ukimbie kilomita 5 anakutafutia gharama. Ila nusu saa si mbio ndefu. Uzito unaoongezeka, kugandamana na kuchubuka ni mambo yanayoanza kuuma baada ya saa ya kwanza, na kipimajoto hakiyaoni.

Kujua aina ya uzi hakutoshi, maana poliesta nayo ina ya kwake. Meza za mitumba, au mivumba kama inavyoitwa Uganda, zimejaa jezi za mpira wa miguu, na wengi huzichukua wakidhani jezi ni jezi. Igeuze ndani nje uitazame. Mara nyingi kitambaa ni kizito na kimefumwa maradufu, na kifuani pamebandikwa jina la mdhamini kwa karatasi ya plastiki pana kama viganja viwili. Tia mdomo nyuma ya bango hilo upulize: pumzi haipiti hata chembe. Palepale kifuani, ambapo jasho ni jingi, umejifunika nailoni. Pulizia kitambaa chepesi cha matundu, utaisikia pumzi kwenye kiganja ulichokiweka upande wa pili. Kisha omba maji kidogo, udondoshee tone moja. Likikaa kama shanga bila kusambaa, kitambaa hicho kitaacha jasho mgongoni. Likitanda haraka na kuwa doa pana, ni dalili njema. Lowesha pindo, likamue, ulipunge hewani mara kadhaa, kisha liguse uone kama limeanza kukauka. Halafu pitisha kidole gumba juu ya mshono wa kwapani na wa begani. Mshono uliolala ni salama. Uliosimama kama ukuta utakukata kilomita ya ishirini. Lebo ya shingoni ikatwe kabisa. Na nguo yenye mabaka ya kijeshi iache mezani hata ikiwa nyepesi vipi, maana Uganda sheria inamkataza raia kuivaa.

Upana pia una maneno. Nguo inayopepea kidogo husukuma hewa ndani na nje kwa kila hatua, kwa hiyo mimi napendelea iliyolegea kiasi kuliko inayobana, mradi isiwe pana ya kujikunja kwapani. Vesti isiyo na mikono, kama aliyovaa Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya Olimpiki mjini London tarehe 12 Agosti 2012, huacha kwapa wazi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini si kila mtu anaweza kuivaa wala si kila mtu anapaswa. Mwenye ualbino anahitaji mikono mirefu na kitambaa kilichofumwa kwa kubana, kwani matundu yanayopitisha hewa hupitisha jua pia. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Mbale anayekimbia akiwa amejisitiri hana haja ya kuchagua kati ya stara na afya: mikono mirefu ya poliesta nyembamba iliyolegea itamfaa kuliko fulana fupi ya pamba nzito. Na hapa tena kipimo cha kuloa kinafaa. Kitambaa cheupe chembamba kikijaa maji huonyesha mwili, jambo ambalo mwanamke hataligundua dukani. Lilowesheni pindo juu ya kiganja mtazame, dada zangu, kabla ya kulipa.

Kuna pingamizi linalonigusa zaidi, nalo ni la pamba yetu. Uganda ya mashariki ilijengwa na zao hilo. Mbegu zililetwa nchini mwaka 1903, na reli ya Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912 kwa sababu ya marobota ya Busoga. Umeme wa Bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954, uliendesha mitambo ya kiwanda cha Nytil, na Mbale nayo ilikuwa na kiwanda chake cha nguo. Kumwambia mkazi wa nchi hii aikimbie pamba ni kama kumwambia akane shamba la babu yake. Sisemi hivyo. Pamba ni nguo bora ya kulalia, ya shule, ya kuvaa baada ya mbio mwili ukishapoa. Kinachoipa sifa hizo, yaani kupenda maji, ndicho kinachoiangusha kwenye kilomita ya 25. Mkulima wa Bugwere hataokolewa na makwapa yaliyochubuka. Ataokolewa na viwanda vitakavyosokota pamba yake hapa badala ya kuisafirisha ikiwa ghafi.

Hoja hiyo inatufikisha Mbale, mahali ambapo Rais Museveni, akizindua viwanda mwezi Agosti 2023, alitangaza kupiga marufuku nguo za mitumba na kusema ni za wafu. Meza za mitumba hazikuondoka. Nawaelewa wanaotaka viwanda vya nyumbani. Lakini kijana wa Masese anayejiandaa kwa mbio za kilomita 42 anahitaji nguo mwezi huu, na mitumba ndiyo inayomletea vesti ya riadha kwa bei anayoimudu. Tena ina faida moja isiyosemwa. Nguo za poliesta hutoa vumbi la plastiki zinapofuliwa, na hutoa zaidi katika mafuo ya mwanzo. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2016 walikuta plastiki ndogondogo ndani ya takriban samaki mmoja kati ya watano, sangara na sato, walionunuliwa Mwanza. Ziwa ni lilelile, na Masese inaishi kwa samaki. Vesti iliyokwisha kufuliwa mara nyingi imeshamwaga sehemu kubwa ya vumbi lake. Madhara hayafutiki kwa hilo, ila yanapungua mtu akiwa na moja nzuri na kuitunza miaka, badala ya kununua tatu kila mwaka.

Kuitunza kwenyewe ni rahisi. Watu hulalamika kwamba poliesta inanuka, na ni kweli, mafuta ya mwili hung'ang'ania uzi wake. Ifuliwe siku ileile kwa sabuni na maji baridi, ianikwe kivulini. Dawa ya kulainisha nguo isitumike kabisa, kwa kuwa huacha utando unaozuia jasho kusambaa. Mafuta ya mgando yapakwe kwapani na kifuani kabla ya mbio. Anayepanda kutoka Mbale kwenda kufanya mazoezi Kapchorwa, penye ubaridi wa asubuhi, achukue fulana kavu ya kubadilisha, kwa sababu nguo iliyoloa huendelea kukunyang'anya joto hata ukishasimama.

Wakimbiaji wengi wa kawaida, lakini, hawachagui fulana. Hupewa siku ya mbio pamoja na namba. Hao wanategemea huruma ya mwandaaji, na mwandaaji mara nyingi hufikiria picha ya gazetini kuliko mgongo wa mtu. Wadhamini wana haki ya kuonekana. Basi majina yao yachapwe kwa wino unaopenya ndani ya poliesta, teknolojia inayotumika sana siku hizi, badala ya plastiki inayobandikwa juu. Na kabla ya kuagiza fulana elfu kumi, mwandaaji achukue sampuli moja, ailoweshe, aivae, akimbie nayo saa mbili.